Pini Yenye Jiwe Jekundu

Leo nimekuja na mtoto wa miaka sita. Yupo mlangoni, na nawaomba mumtazame vizuri kabla hajaingia.

Babu yake mzaa mama kamshika mkono. Baridi inauma, viatu vya mtoto vimelowa. Mzee anagonga lango la ngome kwa ngumi, na askari anapofungua hapewi salamu, anasukumiwa mtoto. Maneno ya mzee ni machache: huyu ni damu ya mwana wa mfalme, nimemlisha miaka sita, sasa na amlishe baba yake. Nyuma yao kuna sauti ya mwanamke anayebembeleza. Mtoto ataikumbuka sauti hiyo hadi uzeeni, lakini sura ya mwenye sauti itamtoka kabisa. Mzee anageuka, anashika njia. Jina la mtoto, kama analo, halitajwi na yeyote. Usiku huo analazwa zizini, juu ya majani makavu, katikati ya mbwa.

Hivyo ndivyo kinavyoanza kitabu kiitwacho Assassin's Apprentice, ambacho mimi kwa Kiswahili nakiita Mwanagenzi wa Muuaji. Kilitoka mwaka 1995. Mwandishi anajiita Robin Hobb, na hilo ni jina la kalamu tu. Jina lake ni Margaret Astrid Lindholm Ogden, Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1952 na kukulia Alaska. Kabla ya hapo alikuwa akiandika kwa jina jingine, Megan Lindholm. Nyie mliotazama ile tamthilia ya Game of Thrones mnamjua Jon Snow, yule kijana wa nje ya ndoa anayekaa mkiani mwa meza. Kitabu cha kwanza cha mfululizo wa George R. R. Martin uliozaa tamthilia hiyo kilitoka mwaka 1996. Huyu wa kwetu wa leo alikuwa ameshamtangulia mezani kwa mwaka mzima.

Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, haina jalada la mbele. Niliichukua kwa sababu ilikuwa nene na bei ilikuwa ndogo, nikidhani nitapata mazimwi na mapanga. Mazimwi sikuyaona. Nilichokuta ni hesabu ya chakula: nani kamlisha nani, na kwa chakula hicho anamdai nini.

Nchi yenyewe ni ya kubuni. Ni Majimbo Sita yaliyo chini ya mfalme mmoja, na makao yake ni ngome ya Buckkeep, juu ya majabali ya bahari. Wafalme wa huko huwapa watoto wao majina ya sifa, kwa imani kwamba jina litamshika mtoto na kumfanya awe hivyo. Mtoto hupitishwa kwenye moto, huchovywa katika maji ya chumvi, huonyeshwa upepo, ili jina lisibanduke. Basi mfalme anaitwa Shrewd, yaani mwerevu wa kupima mambo. Mwanawe wa kwanza ni Chivalry, uungwana. Wa pili Verity, ukweli. Wa tatu, wa mama mwingine, ni Regal, ufalme wenyewe. Sisi tuliosoma Shaaban Robert shuleni hatushtuki. Katika Kusadikika mwungwana anaitwa Karama, na waziri anayemshitaki mbele ya mfalme anaitwa Majivuno. Tofauti ni kwamba kwa Shaaban Robert jina ni hukumu, limekwisha kusema. Kwa Hobb jina ni matumaini ya wazazi, na matumaini ya wazazi, jamani, tunayajua yanavyokwenda. Chivalry, uungwana wenyewe, ndiye aliyezaa nje ya ndoa.

Na mtoto je? Yeye hakupitishwa motoni wala hakuonyeshwa upepo. Walimwita Fitz. Ni neno la kale lenye asili ya Kifaransa, maana yake "mwana wa," ambalo Waingereza walikuwa wakilibandika mbele ya jina la mtu. Henry wa Nane alikuwa na mtoto wa kiume kwa Elizabeth Blount, akamwita Henry FitzRoy, mwana wa mfalme. Alizaliwa mwaka 1519 na kufa mwaka 1536. Lakini FitzRoy yule alimaliziwa jina lake. Mtoto wetu alikatiwa njiani: "mwana wa," halafu kimya.

Kabla mtoto hajafikishwa Buckkeep, habari zilikuwa zimeshafika. Chivalry aliona aibu, akaacha haki yake ya kurithi kiti, akahamia shamba na mkewe. Baba na mwana hawakuonana hata siku moja. Mtoto akaachiwa Burrich, mtunza farasi, ambaye naye alikuwa ameharibika mguu akimwokoa Chivalry kwa nguruwe mwitu, na sasa bwana wake kamwacha nyuma kama tandiko lililochakaa. Hesabu waliotupwa, msikilizaji: mtoto, na mtu wa kumlea.

Sasa twende kwenye meza. Ukisoma sehemu moja tu ya kitabu hiki, soma hii.

Asubuhi, baada ya karamu. Ukumbi mkubwa umelala, mabaki yametapakaa mezani. Fitz kaingia kuokoteza, na sasa kajificha chini ya meza na kitoweo chake. Anaingia Mfalme Shrewd, pamoja naye Regal na chale wake. Mfalme anamwona. Hamkemei. Anamgeukia Regal na kumsomesha, mbele ya mtoto mwenyewe, kama mtu anayezungumzia ng'ombe mnadani. Maana ya maneno yake ni hii: mwanaharamu wa kifalme ni silaha iliyoachwa njiani. Usipoiokota wewe, ataiokota adui yako, siku moja itaelekezwa kwako. Regal anacheka kwa dharau. Shrewd anainama kwa mtoto na kufanya naye biashara: nitakupa chakula, nguo, malazi na mafunzo, wewe utanipa utii. Na mtu yeyote akija kukuahidi zaidi ya hayo, njoo uniambie, tuzungumze upya. Kisha anachomoa pini ya fedha yenye jiwe jekundu kutoka kwenye vazi lake na kuichomeka kwenye shati la mtoto.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilimpenda mfalme. Mara ya pili nilimwogopa. Angalieni alichonunua na alicholipa. Babu alisema lango lilipofunguliwa: nimelisha, basi. Shrewd ndiye mtu wa kwanza kusema: nitalisha. Kwa mtoto asiye na jina, anayekula chini ya meza, mtu anayekuuliza unataka bei gani anafanana sana na mtu anayekupenda. Fitz ataivaa pini ile kwa miaka, na hatajua kwa hakika ni zawadi au ni alama ya mifugo.

Kile kipengele cha "akija mwingine kukuahidi zaidi, njoo uniambie" kilinirudisha pwani ya kaskazini, Pate na Kipini, kwa Fumo Liyongo. Mnajua kisa. Mfalme wa Pate alimshindwa Liyongo kwa kila hila. Alijaribu kumpigisha mishale juu ya mkoma, hakuweza. Akamfunga, Liyongo akakata pingu kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku ngoma ikipigwa nje kuficha mlio wa chuma. Mwishowe mfalme akamwendea mtoto wa Liyongo, akamwahidi binti na cheo. Mtoto akamwuliza baba siri ya kifo chake, akaambiwa: sindano ya shaba, kitovuni. Hakwenda kumwambia baba yake kwamba kuna mtu kapandisha bei. Hilo ndilo jambo ambalo Shrewd, mzee yule mjanja, alitaka kuliziba tangu mtoto ana miaka michache. Anajua kwamba ngome hubomolewa na mtu aliyemo ndani ambaye hakuulizwa bei yake mapema.

Na kazi aliyonunuliwa Fitz ni ipi? Usiku mmoja ukuta wa chumba chake unafunguka. Nyuma yake kuna ngazi, juu ya ngazi kuna mzee mwenye uso wa makovu, anaitwa Chade. Ni ndugu wa mfalme kwa baba, naye ni wa nje ya ndoa, na kwa miaka mingi amekuwa akiishi ndani ya kuta, hajulikani kama yupo. Ndiye muuaji wa mfalme: sumu katika kinywaji, unga katika taa. Sasa kazeeka, anatafuta mwanagenzi. Kwa hiyo Majimbo Sita yanaendeshwa hivi: wana wa halali wanakaa ukumbini kwenye mwanga, na wana wa nje wanatembea ndani ya kuta kuhakikisha mwanga hauzimiki. Kila upande unamhitaji mwingine, ila upande mmoja tu ndio hupigiwa tarumbeta.

Chade anapotaka kutoka mchana hujigeuza ajuza mmoja, Bibi Thyme, mkali wa maneno na mwenye harufu mbaya kiasi kwamba kila mtu ngomeni humkwepa. Nilicheka peke yangu. Unataka kupita mbele ya watu wasikuone? Kuwa bibi kizee anayenuka.

Safari yao ya kwanza ya kazi ndiyo iliyonishika zaidi. Kuna bwana mmoja wa pwani, Kelvar, ambaye amepuuza minara ya ulinzi, fedha zote zinamwishia kwa mke kijana aliyemwoa karibuni. Maharamia wa Merikebu Nyekundu wanapita hapo hapo. Verity anatumwa kumbembeleza. Fitz anakwenda kama mtumishi wa Bibi Thyme, na sumu iko tayari ikiwa maneno yatashindwa. Verity anazungumza na wakubwa ukumbini. Fitz, kwa kuwa si mtu wa ukumbini, anazurura jikoni, na huko anamkuta yule mke kijana analia, mbwa wake mdogo mgonjwa. Fitz anajua mbwa, amelala nao. Anamtibu. Wanazungumza, na anagundua kwamba mwanamke huyu hatoki ukoo mkubwa, na vito vile anavivaa kwa woga, ili asidharauliwe. Anamshauri: vaa kwa kiasi, kisha mwombe mumeo fedha za vito azitie kwenye minara. Mwanamke akafanya hivyo, mume akakubali, na sumu ikarudi mkobani.

Verity hakujua la kufanya kwa sababu hakuwahi kuwa na hofu ya kudharauliwa mezani. Mwanamke na mtoto yule walijuana kwa hofu hiyo. Hobb halisemi hili kwa sauti, analiacha jikoni pale pale, na kwangu mimi ndipo alipowashinda wengi wanaoandika riwaya za aina hii. Kwao fitina za jumba la mfalme ni barua za siri na visu gizani. Kwake ni nani anamwona nani.

Nisisahau maharamia. Walivamia kijiji cha machimbo ya chuma kiitwacho Forge, wakateka watu, wakaleta ujumbe wa kudai fidia. Ila fidia yenyewe ni ya ajabu: tulipeni, la sivyo tutawarudisha watu wenu. Watu wakacheka. Waliporudishwa, kicheko kikaisha. Walikuwa na miili yao na akili zao, lakini hawana haya, hawana huruma, wanamnyang'anya ndugu mkate na kumwacha afe. Fitz anazo hisi za ziada, anaweza kumjua mnyama au mtu aliye karibu bila kumwona. Anapowakaribia hawa hahisi kitu, kama barabara tupu. Hao ndio waliotupwa kweli kweli. Fitz alitolewa nje ya mlango mmoja, lakini wao wametolewa nje ya ubinadamu, na jamaa zao wanabaki kuwatazama wasijue wawalishe au wawaue.

Hiyo hisi ya kuwajua wanyama, kule Majimbo Sita ni najisi. Anayeonekana nayo huuawa, hata Burrich anampiga marufuku nayo. Kuna kipaji kingine, cha mtu kumfikia mwenzake akilini kutoka mbali, na hicho ni cha ukoo wa kifalme, kinafundishwa kwa heshima. Mtu akikaa akafikiri ataona vinafanana kama shilingi kwa ya pili: vyote ni kuingia katika moyo usio wako. Kimoja kimevikwa taji kwa sababu wafalme wanacho, kingine kinanyongwa kwa sababu watunza farasi wanacho.

Sasa niruhusuni nitoke kwenye kitabu nivuke bahari hadi Unguja.

Sayyid Said bin Sultan alifariki mwaka 1856, baharini, akirudi kutoka Maskati. Kwa hesabu ya binti yake Salme, aliacha watoto 36, na wote mama zao walikuwa masuria. Mkewe mkubwa, Azze binti Sef, hakuzaa. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake ni wa halali, huru, na anarithi. Mwanawe Majid akakalia kiti cha Unguja na hakuna aliyemnyima kwa sababu ya mama yake. Ingekuwa mama wa Fitz ni suria wa Chivalry na nyumba yao ni Beit il Mtoni, jumba la Sayyid Said, mtoto yule angeitwa Sayyid, na kitabu kingekosa kuanza. Lakini yule mama alikuwa mwanamke huru wa milimani, asiyenunuliwa na mtu, kwa hiyo hata Mtoni mwanawe angebaki nje. Mtoto wa aliyenunuliwa ni mwana wa mfalme, mtoto wa aliye huru ni haramu. Nimelizungusha jambo hili kichwani wiki nzima.

Na uhalali haukumwokoa Salme mwenyewe. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, wakati wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua Majid, alihitaji mtu wa ndani wa kumwandikia barua. Salme alikuwa na kama miaka 15, kalamu anayo. Akaandika. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid akamsamehe dada yake, na baadaye Salme alipokubali msamaha huo, upande wa Barghash ukamwona msaliti. Mwaka 1866 alitoroka kwa merikebu ya kivita ya Waingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakafunga ndoa Aden mwaka uliofuata. Aliporudi Unguja mwaka 1885 kwa merikebu za Wajerumani, aliyekuwa kwenye kiti ni Barghash. Yule ambaye Salme alimwandikia barua. Hakukubali kumwona.

Salme hakuwahi kuchomekwa pini. Labda ndiyo tofauti: Shrewd alimnunua mtoto na kulipa, Barghash alitumia bila kulipa.

Nirudi Buckkeep nimalizie. Kitabu kina kasoro, na sitazificha kwa sababu nimekipenda. Regal ni mbaya mno, mbaya wa sinema. Kila anapoingia unajua kuna mtu ataumia, na fitina inayojulikana mapema inapungua utamu. Robo ya mwisho, wanaposafiri kwenda Ufalme wa Milimani kumposea Verity, mambo yanakimbia kana kwamba mwandishi kaambiwa karatasi zimekwisha. Molly, msichana wa mjini mwenye baba mlevi, ambaye Fitz anampenda, katika juzuu hii bado ni kivuli. Lakini kuna Patience, mke wa Chivalry, asiyejaliwa mtoto. Mumewe akishakufa anakuja Buckkeep kumtazama mtoto aliyemwangusha mumewe. Alikuwa na kila haki ya kumchukia. Anamkuta hajui muziki, hajui adabu za mezani, na hasira yake yote inawaangukia wakubwa wa ngome: mlimfanyia nini huyu? Anamletea kijana mbwa mdogo. Hamwombi utii wala hamwekei sharti. Katika kurasa zaidi ya 400, ni mmoja wa wachache sana wanaompa Fitz kitu bila kuandika deni.

Anayesimulia yote haya ni Fitz mwenyewe, mtu mzima sasa, mwenye maumivu, anajaribu kuandika historia ya Majimbo Sita na kila mara inamgeukia kuwa historia yake. Kuna juzuu mbili zinazofuata moja kwa moja, ya mwaka 1996 na ya mwaka 1997, na Hobb aliendelea kuandika juu ya ulimwengu huo hadi mwaka 2017. Yaliyotokea kule milimani siwaambii. Nitasema tu kwamba kuna sumu zaidi ya moja mezani, na kwamba kuna mbwa.

Watafsiri mnaonisikia, kazi ipo. Kitabu kimejaa mazizi, majiko, vyakula na majina ya sifa, mambo ambayo Kiswahili hakihitaji kuazima kwa mtu. Na wewe usiye mtafsiri, unayesoma Kiingereza na unataka kuanza, nakala yangu isiyo na jalada ipo. Njoo uiazime. Uache rehani.